Mshono Nyuma ya Picha

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo saa nane mchana, ya dakika kumi, ya kulitia vumbi adabu tu. Katibu wa chama amenipa daftari hili. Anataka anayetundika picha aandike kila siku kazi aliyoifanya, ili maonyesho ya mwaka huu yawe na kumbukumbu. Anayetundika picha ni mimi. Huu mwaka wa tisa. Kuchora sijui hata yai, kazi yangu ya maisha ni cherehani, lakini katika miaka hiyo Chama cha Wachoraji hakina picha iliyosimama ukutani bila mkono wangu, na sijawahi kudai hata asante.

Kazi ya leo: nimefagia ukumbi. Nimemtoa popo mmoja.

Jumamosi, 9 Machi

Mkutano. Tumefika kumi na mmoja kati ya kumi na wanane, wengine wameogopa mawingu. Mwenyekiti ametangaza kwamba chama kinatimiza miaka ishirini, na kwamba daktari mkuu wa hospitali mpya atakuja siku ya kufungua maonyesho, tarehe nne Mei. Atachagua picha moja ikae kwenye ukuta wa mapokezi ya hospitali moja kwa moja, na jina la mchoraji liandikwe kwenye kibao cha shaba. Watu wote walikaa vizuri kwenye viti. Hata Seremala, anayetutengenezea fremu na ambaye husikia anachotaka tu, aliomba arudiwe.

Kisha Mwenyekiti akasema kwamba mwaka huu na yeye ataleta picha tatu. Hajaleta kitu miaka mingi, husema uongozi unamla muda. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Iandikwe kwamba nilipiga.

Nyumbani nilimsimulia Dada. Ni yeye na Mwenyekiti walioanzisha chama hiki, wakati kilipokuwa cha watu wawili na chumba cha kuazima. Tangu kiharusi kimchukue upande wa kulia, miaka miwili sasa, hajakanyaga pale. Maneno yake yamekuwa machache, huyatoa moja moja kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Alisema: "Yeye? Picha?" Halafu akageukia dirisha.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimefua mapazia ya ukumbi. Nimemwosha Dada nywele, kama kila Jumanne.

Jumamosi, 16 Machi

Nimerudisha mapazia. Mwenyekiti amenikuta juu ya ngazi akasema, "Fundi, bila wewe hapa pangekuwa ghala." Ni kweli, lakini ni vizuri mtu akisema.

Mapazia haya niliyashona mimi kumshukuru yeye. Wiki ile Dada alipoanguka, mvua iliingia kwenye stoo ya chama, na picha zake za mwisho, ambazo hazijawahi kutundikwa, zilikuwa humo. Mwenyekiti alikuja nyumbani mwenyewe kuniambia kwamba zote zimeoza, na kwamba amezichoma ili Dada asizione katika hali ile. Alitoa leso akafuta macho. Mimi ndiye niliyempelekea Dada habari. Alilia kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa bado halitii. Niliona Mwenyekiti ametufanyia utu. Nikashona mapazia ya madirisha sita.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kutwa. Ndoo mbili chini ya paa.

Jumamosi, 23 Machi

Leo naandika polepole, maana sitaki nije kusoma nishindwe kujua nilimaanisha nini.

Asubuhi Mwenyekiti aliteremsha picha zake tatu, zimefungwa shuka. Kubwa, kila moja karibu urefu wangu. Nyuma alikuwa amezibandika karatasi ya kaki pembe hadi pembe. Alisema niziache hivyo hivyo, karatasi inazuia vumbi, nitie fremu tu. Akaenda kwenye kikao chake.

Nilizifungua nikazitazama. Moja ni soko alfajiri kabla watu hawajafika. Moja ni ngazi za ghorofa zenye nguo zilizoanikwa. Moja ni mwanamke kwenye cherehani, anaonekana kwa mgongo, ameinamisha kichwa. Nilisimama mbele ya huyo wa cherehani mpaka miguu ikachoka. Nikasema moyoni, kumbe bwana huyu alikuwa na kitu muda wote. Nilimfurahia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimfurahia.

Karatasi ilikuwa imevimba kwa unyevu na fremu ikagoma kuingia. Nikachukua kisu, nikaibandua upande mmoja ili niinyooshe. Chini yake, katikati ya kitambaa, kutoka juu hadi chini, kulikuwa na mshono. Umekunjwa mara mbili kama wa mguu wa suruali, ukalazwa bapa. Uzi wa kijani. Mwisho umerudiwa mara tatu, kama mama alivyonifundisha.

Fundi huujua mshono wake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe katikati ya watoto mia. Dada alikuwa akitaka kuchora picha kubwa na kitambaa kipana kilikuwa hakipatikani, basi nilimuungia vipande viwili viwili. Uzi ulikuwa wa kijani kwa sababu ndio uliobaki kwenye sare za shule nilizoshona mwaka ule. Nilikuwa nampelekea kitambaa, naachia mlangoni, maana Dada hakutaka mtu asiyechora aone kazi yake kabla haijaisha, hata mimi.

Nikabandua ya pili. Kijani. Ya tatu. Kijani.

Nikazigeuza nikatazama jina la Mwenyekiti pembeni. Niligusa kwa ukucha, likanata. Picha imekauka miaka, jina halijamaliza hata mwezi.

Zimeoza, alisema. Nimezichoma. Na leso ile. Na mapazia sita.

Sikupiga kelele. Nimeipaka karatasi gundi, nimeirudisha, nimetia fremu zote tatu. Mtu akikuibia na hajui kwamba umejua, mkia wake uko mkononi mwako. Dada sijamwambia. Tarehe nne Mei, mbele ya watu, mbele ya daktari wake mkuu na kibao chake cha shaba, nitamvua nguo bwana huyu abaki na leso tu.

Katibu nitamnunulia daftari jingine. Hili ni langu sasa.

Jumapili, 24 Machi

Sikula.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemwambia Seremala, maana nahitaji mtu wa kubeba upande wa pili wa picha. Nilinong'ona, naye akajibu kwa sauti ya mnadani, "Ameiba nini?" Nikafunga mlango nikarudia. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa tumpige. Wa pili, nimwandikie daktari mkuu barua. Nilimwambia barua inasomwa na mtu mmoja, mimi nataka ukumbi mzima. Alikuna kidevu akasema basi niamue, yeye ataleta ngazi.

Jumamosi, 30 Machi

Nimempa Mwenyekiti kile kiti chenye mguu mmoja mfupi. Ameyumba mkutano mzima kama mlevi kwenye baiskeli. Kibandiko cha picha yake nimekosea herufi mbili za jina, Katibu akakirekebisha. Wiki ijayo nitakosea tatu. Ni mambo madogo, najua. Njaa ya kisasi ni kama njaa nyingine, ukisubiri chakula unatafuna chochote.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua imepumzika. Nilikuwa namhesabu Katibu kuwa kivuli cha Mwenyekiti. Ni mfamasia, kijana bado, humwandikia hotuba, humshikia mwavuli. Leo alibaki nyuma wote walipoondoka. Alisimama mbele ya mwanamke wa cherehani, akaniambia bila kugeuka kwamba yeye ndiye anayeshika ufunguo wa stoo ya rangi, na kwa miaka sita Mwenyekiti hajawahi kuuomba.

Nikamuuliza kwa nini hajasema. Akajibu kwamba aliogopa chama kuvunjika, na kwamba amekuwa akijidanganya kuwa labda hununua rangi kwingine. Macho yalikuwa mekundu. Aliniuliza nitafanya nini. Nikasema nitatundika, kama kawaida yangu. Sijui bado kama ni mwoga au ni mtu aliyechoka. Lakini kivuli si yeye. Kivuli hakikosi usingizi.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua kubwa, barabara zimekuwa mito. Paa la ukumbi lina tundu jipya, juu kabisa ya ukuta unaotazamana na mlango, na linajulikana kwangu peke yangu. Mwenyekiti ametaka picha zake zikae ukuta huohuo.

Nilikuwa nimemshika mwanamke wa cherehani mikononi. Niliangalia tone likijikusanya juu, likianguka, jingine likijikusanya. Niliwaza usiku mmoja tu wa mvua namna hii. Jina lake lingelowa, heshima yake ingelowa, daktari mkuu angekuta ukungu na maji. Nilipanda ngazi vidato viwili.

Halafu nikakumbuka mkono uliochora. Nikashuka, nikazitundika zote tatu ukuta wa kushoto, pakavu. Nilimchukia zaidi kwa hilo, kwamba hata pa kumpiga amejificha nyuma ya Dada.

Jumamosi, 13 Aprili

Saa kumi nilirudi ukumbini kuchukua mwavuli, nikamwona Mwenyekiti kwa dirisha la chumba cha nyuma. Alikuwa peke yake mbele ya kitambaa cheupe, brashi mkononi. Alisimama kwa muda ambao mimi ningepinda mikono miwili ya shati. Alisogeza brashi mpaka karibu na kitambaa, akairudisha. Mwishowe alikwenda kwenye bomba akaiosha brashi ambayo haikuwa na rangi, akaikausha kwa uangalifu, akaiweka mfukoni.

Huruma ilinigongea mlango. Nikaiambia hakuna mtu ndani.

Jumanne, 16 Aprili

Nywele za Dada. Mvua.

Jumapili, 21 Aprili

Dada amejua, na kosa ni langu. Nilikuwa nimepiga picha migongo ya zile picha kwa simu, nikaiacha simu mezani. Niliporudi kutoka jikoni alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, anatazama uzi wa kijani. Hakuuliza ni nini. Alisema, "Mbele."

Nikamwonyesha soko. Nikamwonyesha ngazi. Nilipofika kwa mwanamke wa cherehani aliigusa simu kwa kidole, akasema, "Huyu wewe."

Sikuelewa. Akanionyesha doa dogo la kahawia shingoni mwa mwanamke, chini ya nywele. Wiki iliyopita nilijaribu kulifuta kwa kitambaa chenye maji nikidhani ni uchafu. Ni kovu langu. Nilikuwa na miaka minne, nilivuta sufuria ya maji ya moto mezani, ndivyo mama alivyosimulia siku zote. Hulifunika kwa kitambaa cha kichwa, na mgongo wangu sijawahi kuuona. Nani hujiona mgongo? Nilikaa chini sakafuni. Mwezi mzima nimekuwa nikijitundika ukutani bila kujua.

Nikamweleza yote, uongo wa kuoza, jina linalonata, hospitali. Nilitegemea machozi. Hakulia. Nikamweleza na mpango wangu: asubuhi ya maonyesho nitazigeuza picha zikae mgongo nje, mshono wazi, watu waingie waulize.

Nusu ya mdomo inayotii ikacheka.

"Kidogo," alisema.

"Nini kidogo, Dada?"

"Kisasi chako. Kidogo." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nipeleke. La mwisho... niachie mimi."

Mimi nimeishi na huyu mtu miaka miwili nikimlisha kwa kijiko, nikimficha habari mbaya kama mtoto. Kumbe nilikuwa nafuga simba kwenye kikapu cha kuku.

Jumamosi, 27 Aprili

Mkutano wa mwisho kabla ya ufunguzi. Mwenyekiti amesoma hotuba yake kwa majaribio. Ndani yake kuna maneno "uaminifu kwa kazi ya mkono". Nimekata uzi kwa meno.

Ijumaa, 3 Mei

Gauni la bluu la Dada nimelipunguza kiunoni. Mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Saa moja asubuhi mimi na Seremala tulikuwa ukumbini. Tulizishusha picha tatu, tukabandua karatasi ya kaki yote, tukazitundika upya nyuso zikitazama ukuta. Mishono mitatu ya kijani, imenyooka. Nisiwe mnafiki: ilikuwa kazi safi.

Mwenyekiti aliingia saa mbili na nusu, suti ya kijivu, beji kifuani. Alisimama katikati ya ukumbi. Aliangalia ukuta, kisha mimi.

"Fundi, zigeuze."

"Sina nafasi."

"Fundi, nakuomba. Watu wako nje. Tutazungumza mimi na wewe, baadaye, unavyotaka."

"Zungumza na mwenye nazo," nikamwambia.

Akageuka, akamwona Dada kando ya pazia kwenye kiti chake cha magurudumu. Zaidi ya mwaka mzima hakuwa amekuja kumwona. Alimwita dada, kwa sauti ndogo. Katibu akafungua mlango.

Watu waliingia wakikung'uta miavuli. Wapo waliosimama mbele ya migongo ya picha wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Mwalimu mmoja alimweleza mkewe kwamba huo ni upande wa maisha tusiouona. Seremala ilibidi atoke nje kucheka. Halafu daktari mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia, akauliza waziwazi kwa nini picha zimegeuzwa.

Nilikuwa na hotuba. Nimeisema mbele ya cherehani wiki sita. Yote ilinikimbia. Niliweza tu kuweka kidole kwenye uzi. "Mshono huu ni wangu. Nilimshonea dada yangu. Picha hizi amechora yeye, si Mwenyekiti."

Mwenyekiti alitabasamu kwa upole. Aliwaambia wageni wanisamehe, nina mzigo mkubwa wa mgonjwa nyumbani, na kwamba mimi ni fundi wa chama kizima, vitambaa vyangu vinatumiwa na wachoraji wote, yeye akiwemo. Alisema vizuri sana. Niliona macho ya watu yakinigeukia kwa huruma, kama kwa mtu aliyevaa gauni ndani nje. Wiki sita za kunoa, na kisu kikanirudia mimi.

"Geuza," alisema Dada.

Mimi na Seremala tukamgeuza mwanamke wa cherehani. Watu walisogea karibu. Dada alimtazama Mwenyekiti.

"Huyu... nani?"

"Marehemu mama yangu," alisema.

"Shingoni. Nini?"

Alisita. "Kivuli. Kivuli cha nywele."

"Mdogo wangu," Dada akaniambia. "Kitambaa."

Miaka hamsini na nne nimelificha kovu lile. Nilifungua fundo, nikavua kitambaa mbele ya watu arobaini, nikawapa mgongo. Daktari mkuu alivaa miwani. Niliisikia pumzi yake shingoni. Alinitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama tena, taratibu, kama anavyotazama kidonda.

"Hili ni kovu la maji ya moto, la utotoni," alisema. "Na lile pale ni hili hapa."

Mvua tu kwenye bati.

Mwenyekiti alitoa beji, akaiweka juu ya meza ya vitabu vya wageni, akaanza kwenda mlangoni. Watu walimpisha kama wanavyopisha jeneza. Huo ndio wakati niliouota, na ulikuwa mtamu, sitadanganya. Lakini Dada aliinua mkono wa kushoto.

"Asiende."

Ilimchukua karibu dakika tano kusema aliyotaka kusema, na hakuna aliyemkatiza. Alitaka Mwenyekiti aandike jina la Dada kwenye vibandiko, kwa mkono wake. Kisha asimame pale kwenye picha, siku zote kumi za maonyesho mpaka tarehe kumi na nne, na kila anayeingia amwambie nani alichora, na yeye alifanya nini. Mtu mmoja alinong'ona kwamba hakuna sheria ya kumlazimisha. Dada alimsikia.

"Halazimishwi. Achague."

Mwenyekiti aliutazama mlango. Alitazama mvua. Halafu akamwomba Katibu kalamu.

Jumapili, 5 Mei

Nilipeleka kiti changu hatua tatu kutoka aliposimama Mwenyekiti, nikakaa na kazi ya vifungo. Wa kwanza walikuwa mume na mke na watoto. Alisema, "Picha hii si yangu. Nilimwambia mwenye picha kwamba imeoza, nikaweka jina langu." Sauti ilikatika kwenye "imeoza". Baba wa watoto aliwashika mikono akawavuta kando.

Ameisema mara ishirini na tatu leo. Nimeshona vifungo ishirini na tatu.

Jumanne, 7 Mei

Mara kumi na nne. Sauti haikatiki tena. Nilipomwosha Dada nywele aliniuliza, "Alisimama?" Nikasema alisimama.

Alhamisi, 9 Mei

Nina hasira. Ameanza kuongeza maneno. Baada ya kusema aliyoambiwa aseme, anawaeleza watu jinsi Dada alivyochanganya rangi kwa mgongo wa kijiko, jinsi alivyokwenda sokoni saa kumi na moja alfajiri siku ishirini mfululizo kuupata mwanga ule. Watu wanakaa. Mama mmoja alitokwa machozi, akampa mkono. Akampa mkono! Adhabu imekaa mwilini mwake kama nguo aliyopimwa.

Nilimshtaki kwa Dada. "Mwache aseme," alinijibu. "Anajua. Alikuwepo."

Jumamosi, 11 Mei

Daktari mkuu amemchagua mwanamke wa cherehani. Kibao cha shaba kitaandikwa jina la Dada, lote, bila kukosea herufi. Seremala anasema sasa nitawapokea wagonjwa kwa mgongo, kama wauguzi wengi tu. Katibu amechaguliwa kushika nafasi ya Mwenyekiti kwa muda. Alikubali. Chama hakijavunjika.

Dada alipopata habari alisema, "Aa." Akala sahani mbili.

Jumanne, 14 Mei

Siku ya mwisho. Mvua ilianza alfajiri na haikukata, daraja limefungwa, hakuna mgeni hata mmoja aliyefika. Yeye alifika, amelowa mpaka magotini, akasimama mahali pake. Mimi nilikaa kwenye kiti changu. Tumekaa hivyo saa sita, watu wawili na picha arobaini.

Karibu na saa tisa nikaweka sindano chini. Nilitaka kumchoma mara moja zaidi, ya mwisho, maana kesho sina tena haki hiyo. Nikasimama mbele ya picha kama mgeni.

"Mimi hujanieleza," nikamwambia.

Aliniangalia. Akasema aliyotakiwa kusema, neno kwa neno. Halafu hakunyamaza. Alisema siku Dada alipochora shingo ile yeye alikuwa amekaa nyuma yake, na kwamba aliposema ni kivuli alijua vizuri si kivuli. Dada alirudia pale mara tisa, akifuta na kuchora, akilia. Yeye alimuuliza kwa nini asiliondoe kovu tu, nani angejua. Ndipo Dada alipomwambia.

"Hukuvuta sufuria, Fundi. Ulikuwa umechana daftari la dada yako la kuchorea. Alikuwa na miaka kumi na moja. Alichota maji ya moto kwa kikombe akakumwagia."

Mkono wangu ulikwenda shingoni.

"Mama yenu aliwaambia watu ni sufuria, akamkataza kusema. Alichora mgongo kwa sababu hakuweza kuchora uso wako."

Nilimtazama nijue kama ananilipa au ananipa. Uso wake haukusema. Labda na yeye hajui. Alichukua koti lake lenye maji akasema siku zimeisha. Nikamwambia zimeisha. Akatoka kwenye mvua bila mwavuli, nami nikafunga madirisha sita, nikavuta mapazia, nikarudi nyumbani.

Ni Jumanne. Dada alikuwa amekaa tayari jikoni, taulo mabegani, beseni mbele yake. Nje kulikuwa bado na mwanga. Aliuliza kama alisimama. Nikasema alisimama. Akauliza alisema nini. Nikasema alisema picha ni yako.

Nilitia maji yaliyochemka kwenye jagi. Dada aliinamisha kichwa kwenye beseni kama kila wiki, nywele zikaanguka mbele, shingo ikabaki wazi chini ya mkono wangu, nyembamba, haina alama yoyote. Mvuke ulikuwa unanipiga usoni. Mwezi wa tatu mpaka wa tano nimebeba kisasi mgongoni kama kuni, na hapa nilikuwa nacho mkononi, chenye mpini.

Nilisimama hivyo, sijui kwa muda gani.

"Mbona... hujaanza?" aliuliza, uso umo ndani ya beseni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja. Nadhani alijua maneno yale ya kikombe yangenifikia, tangu alipomsimamisha yule bwana siku kumi mbele yangu.

"Napima maji, Dada."

Nikatia ya baridi. Nikachovya kiwiko. Bado. Nikatia tena ya baridi, nikachovya tena, mpaka yakawa sawa. Ndipo nikamwagia, kuanzia shingoni.